Waya umeingia, picha inakataa: monita ya DVI na king'amuzi cha HDMI

Mwalimu wa Msamvu
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijaigeuza hii monita ubao wa kukatia vitunguu.

TV yangu ya chogo imekata roho mwezi uliopita. Ada za watoto zimenikaba, TV mpya siwezi sasa hivi, nikaona nitafute monita ya kompyuta ya mtumba niifanye TV. Nikapata moja ya inchi 22, kioo hakina hata mkwaruzo, elfu sabini. Nyuma ina matundu mawili ya picha: la bluu la VGA na lile jeupe pana la DVI. HDMI haina. Muuzaji akaniambia hakuna tabu, upo waya huku HDMI huku DVI, elfu kumi na mbili. Nikachukua.

Nimefika nyumbani, hali ni hii. Laptopu yangu kwa HDMI kwenda kwenye monita: picha safi, herufi kama zimechapwa. King'amuzi: nikiwasha, nembo inatokea sekunde nne tano, kisha giza, halafu kijisanduku cha maandishi ya Kiingereza kinaelea kioo kizima kama bata bwawani. Deki ya DVD: kijisanduku hicho hicho, nembo hata hakuna. Sauti haipo kabisa, kwa chochote.

Nimerudi kwa muuzaji, anasema waya niliochukua ni wa kawaida, kuna wa ncha za dhahabu elfu thelathini na tano ndio unaoweza king'amuzi. Kabla sijatoa hiyo hela nikaona nipite huku kwanza.

Kibakuli
Ngoja waje wenye fani. Nimeshavuta kigoda.

Baba Junior wa Kitunda
Waya huo mkuu. Mimi ilinitokea hivyo hivyo, nikanunua wa dhahabu, kitu ikapona. Vya bei rahisi vinaua.

Fundi Soldi
Mwalimu, usinunue waya. Rudisha hiyo elfu thelathini na tano mfukoni.

Waya huo huo umepitisha picha ya laptopu ikiwa safi. Monita ya inchi 22 ya zama hizo kwa kawaida ni pikseli 1680 kwa 1050, na laptopu inaisukumia picha nzima mara 60 kwa sekunde. Huo ni mzigo mkubwa kuliko wowote ambao king'amuzi chako kinautoa. Waya unaobeba gunia hauwezi kushindwa na kilo mbili. Waya wa kidijitali ukiwa mbovu hujitangaza wenyewe: chenga zinazometameta, picha inakatika na kurudi, mistari ya rangi. Hauleti kijisanduku chenye adabu cha maandishi. Na dhahabu ya kwenye ncha inazuia kutu tu, haiongezi hata pikseli moja.

@Baba Junior, yawezekana ule wa kwako wa kwanza ulikuwa umekatika kweli. Haibadilishi ya huyu.

Naomba kitu kimoja: hicho kijisanduku kimeandika nini hasa? Niandikie kama kilivyo, na namba usiache.

Mwalimu wa Msamvu
Nimechukua karatasi na kalamu nikamkimbiza bata. Kwa king'amuzi: "Out of Range", chini yake 28.1 kHz / 50 Hz. Kwa deki: maneno hayo hayo, ila 31.3 kHz / 50 Hz.

Fundi Soldi
Hapo sasa. Monita imekueleza ugonjwa wake, imetumia namba tu badala ya maneno.

Geuza monita mgongo, au tafuta kijitabu chake mtandaoni, utakuta imeandikwa inapokea masafa gani. Monita nyingi za kompyuta za miaka ile zinasema kitu kama kHz 30 hadi 83 kwa ulalo, na Hz 56 hadi 75 kwa wima. Ya ulalo ni idadi ya mistari inayochorwa kwa sekunde, ya wima ni mara ngapi kioo kizima kinaanza upya. Sasa linganisha.

28.1 kHz kwa 50 Hz ni saini ya 1080i ya kwetu huku. Mistari 1125 kwa jumla pamoja na isiyoonekana, mara 25 kwa sekunde, unapata 28,125. Ile herufi "i" maana yake picha inaletwa nusu nusu, mistari ya witiri kwanza halafu ya shufwa. TV imezaliwa inajua kuunganisha nusu mbili. Monita ya kompyuta haijawahi kufundishwa, na hapo hapo 28 iko chini ya 30.

31.3 kwa 50 ni 576p, yaani mistari 576, na "p" ni picha inayoletwa nzima; ndiyo deki yako. Ulalo umefaulu, wima umefeli: 50 haifiki 56.

Hiyo 50 ndiyo inayowasumbua watu wengi wa huku bila kujua. Utangazaji wetu unafuata nyayo za PAL, mfumo wa TV wa zama za chogo, picha 50 kwa sekunde. Kompyuta popote duniani imezoea 60. Laptopu yako inatuma 60, monita inacheka. King'amuzi na deki vinatuma 50, monita inanuna. Tundu ni lile lile, waya ni ule ule.

Na nembo ya mwanzo ilionekana kwa sababu king'amuzi kinapoamka kinaanza na mpangilio wake wa kiwandani, yamkini 720p kwa 60, kabla hakijasoma ulichokichagua wewe. Kikishasoma, ndipo kinapotea.

Fanya hivi. Nenda kwenye mipangilio ya picha ya king'amuzi, tafuta 720p 60. Kwenye deki, ingia menyu ya kuweka, kuna sehemu ya mfumo wa TV: PAL, NTSC, Auto. Weka NTSC, ule mfumo wa Marekani. Itakupa 480p kwa 60.

Kibakuli
Fundi, lakini ataingiaje kwenye mipangilio wakati haoni kitu?

Fundi Soldi
Swali zuri, huyo Kibakuli leo kaamka. Ving'amuzi na deki nyingi zenye HDMI zina pia zile RCA tatu: njano, nyekundu, nyeupe. Azima TV ya jirani dakika tano, chomeka njano, utaona menyu. Zingatia tu kwamba rimoti nyingi zina kitufe kinachobadilisha ukubwa wa picha kikibonyezwa mara kwa mara. Unaweza kubonyeza kipofu ukisubiri sekunde tano kila mara mpaka kioo kiwake.

Harusi Mubashara
Niingilie kidogo, samahani Mwalimu kwa kuteka uzi. Mimi ni mpiga video wa harusi Arusha. Kuna kumbi bado zina projekta za VGA tu, na laptopu yangu ina HDMI tu. Nilinunua waya huku HDMI huku VGA, hauna kiboksi, waya mtupu. Haikutoa kitu. MC ananiangalia, bibi harusi ananiangalia, shemeji zake ndio usiseme.

Mtaalamu wa Juzi
Huo waya mtupu ni wizi, au tuseme ni mapambo. VGA ya mwaka 1987 inabeba umeme unaopanda na kushuka kama sauti ya spika. HDMI inabeba ndiyo na hapana. Hakuna nyuzi za kuunganisha zitakazogeuza moja kuwa nyingine, lazima katikati kuwe na chipu inayofikiri, na chipu inakula umeme. Unachotaka ni adapta yenye kiboksi kidogo, ikiwezekana na mkia wa USB wa umeme na kitundu cha sauti cha milimita 3.5. Kwenye ukumbi chukua sauti hapo upeleke kwenye mikisa.

Na ujue inakwenda upande mmoja tu. Ya HDMI kwenda VGA haiwezi kurudi VGA kwenda HDMI. Soma mshale.

Wa DVI nao wana mtego wao. Tazama tundu la DVI: kuna pini moja bapa pembeni. Kama imezungukwa na vitundu vinne vidogo, juu viwili chini viwili, hiyo ni DVI-I, ndani yake kuna VGA imejificha, adapta ya bei ndogo isiyo na chipu itaitoa. Kama bapa iko peke yake, hiyo ni DVI-D, dijitali tupu, VGA haimo. Watu wanavunja hizo pini nne za adapta kwa koleo ili iingie. Inaingia kweli, na haileti kitu.

Harusi Mubashara
Nimekusoma mkuu. Wiki ijayo nina sendofu, nitaleta majibu.

Mwalimu wa Msamvu
WAKUU. Deki imekubali!

Nimeazima TV ya mama Neema jirani, nikaingia menyu, nikaweka NTSC. Nikarudisha kwenye monita, picha hii hapa. Nikaweka diski ya harusi ya mdogo wangu, tumekaa kuangalia nusu saa nzima, hata shida ya king'amuzi nikaisahau. Halafu wanangu wakaleta diski ya katuni, ile ya kununua dukani yenye kasha lake. Kioo cheusi. Nikarudisha harusi: picha. Katuni: nyeusi. Nimesafisha diski kwa khanga, wapi.

King'amuzi nacho nimeweka 720p 60. Menyu inaonekana vizuri, orodha ya chaneli inaonekana. Nikiingia chaneli, giza na ujumbe kwamba muunganisho hauruhusiwi.

Sasa nini tena?

Fundi Soldi
Sasa umefika kwenye geti la pili, na hili si la masafa. Hili ni kufuli.

Kwa faida ya wote, nirudi nyuma kidogo. DVI ilitoka 1999 kwa ajili ya kompyuta na monita bapa. HDMI ilitoka mwishoni mwa 2002, na waliokaa mezani walikuwa watu wa TV na deki: Hitachi, Matsushita ambao ndio Panasonic, Philips, Sony, Thomson, Toshiba, pamoja na Silicon Image waliokuwa wenye ujuzi wa kupitisha ishara yenyewe. Hawakubuni picha upya. Walichukua njia ile ile ya DVI, wakabana tundu likawa dogo, wakatia sauti humo humo. Ndiyo maana waya wako wa HDMI-DVI hauna chipu ndani na unafanya kazi pande zote mbili. Ni baba na mtoto wanaoongea lugha moja ya nyumbani.

Sasa kabla picha haijatoka, vifaa vinasalimiana. Waya wa HDMI una pini 19. Pini ya 18 inapeleka volti 5 kwa monita, ya 19 monita inajibu "nipo", halafu kupitia pini ya 15 na 16 chanzo (king'amuzi, deki au laptopu) kinasoma cheti cha monita kiitwacho EDID: jina lake, ukubwa wa kioo, picha anazozikubali. Monita ya DVI haina kwenye cheti kile kipande kinachosema "mimi ni HDMI, nina sauti". Chanzo kikiona hivyo kinaacha kutuma sauti. Ndiyo maana huna sauti, wala hakuna mpangilio wa kukutoa hapo. Monita yenyewe ina spika? Haina. Basi hata ingetumwa ingetokea wapi.

Baada ya cheti kinakuja kitu kinaitwa HDCP, kilichobuniwa na Intel. Chanzo kinauliza, "una funguo?" Kioo kikijibu sawasawa, picha inatumwa ikiwa imefumbwa na kioo kinaifumbua. Kisipojibu, chanzo kinazima picha. Harusi ya mdogo wako haina haki za mtu, deki haikuuliza kitu. Katuni ya dukani imelindwa, deki ikauliza, monita ikakaa kimya. King'amuzi menyu yake ni mali yake, inaonyesha. Chaneli ina mwenyewe, inauliza. Na laptopu hukuona tatizo kwa sababu skrini ya kawaida ya kompyuta haihitaji funguo.

Monita za DVI za kabla ya 2006, 2007 hivi, nyingi hazina funguo hizo. Baadaye zikaanza kuwekwa. Yako ni ya mwaka gani? Kuna kibandiko nyuma.

Mwalimu wa Msamvu
Kibandiko kinasema Machi 2006. Kuna namna ya kuhakikisha kabla sijakata tamaa?

Mtaalamu wa Juzi
Ukipata kompyuta ya mezani yenye kadi ya NVIDIA na tundu la DVI au HDMI, fungua paneli yake ya mipangilio, kuna ukurasa wa hali ya HDCP. Chagua monita, itakuambia inayo au haina.

BintiNyali
Mabibi na mabwana, salamu kutoka Mombasa. Nimesoma uzi wote nikacheka kwenye bata. Bwana Mwalimu, usijione wewe ndiye wa kwanza. Kwangu kufuli hilo lilinipiga kwa vifaa vipya kabisa.

TV ni ya 4K, kiboksi cha filamu ni cha 4K, katikati nikaweka rediova ya zamani ya kugawa sauti kwa spika tano. Kila kitu HDMI. Filamu zikawa zinatoka 1080 tu, nyingine hazitoki. Kumbe rediova ile inajua HDCP ya zamani, na 4K inadai ya 2.2. Kufuli linakaguliwa kwa kila aliye njiani, akiwa mmoja hana ufunguo mpya, wote mnateremshwa. Nikachomeka kiboksi moja kwa moja kwa TV, nikarudisha sauti kwa rediova kupitia lile tundu la TV lililoandikwa ARC. Likapona siku hiyo hiyo.

Na mfanye hima kuangalia jambo hili pia: kwenye TV nyingi za 4K, tundu la HDMI huja likiwa limebanwa. Ndani ya mipangilio kuna kitu cha kulifungua, wengine wanakiita "Enhanced", wengine "UHD Color" au "Deep Colour". Bila hicho unapata 4K ya picha 30 kwa sekunde, kishale cha mausi kinaburura kama kina tope.

Ofisini kwetu nako, wallahi kila juma lazima mtu anijie na waya wa DisplayPort, tundu jingine la picha la kompyuta. Wa DisplayPort kwenda HDMI wa bei ndogo unafanya kazi kutoka kompyuta kwenda TV. Ukiugeuza, laptopu ya HDMI kwenda monita ya DisplayPort, haufanyi. Haufanyi leo, haufanyi kesho. Kuna adapta ya kazi hiyo, ina chipu na mkia wa umeme, na bei yake si ile.

Baba Junior wa Kitunda
Dada na hizi simu za USB-C? Ya kwangu nimechomeka adapta ya HDMI, TV kimya. Ya shemeji inaonyesha.

BintiNyali
Umbo la tundu halisemi kilichomo ndani. USB-C ni mlango tu. Simu nyingine nyuma ya mlango huo kuna njia ya picha, nyingine kuna chaji na mafaili basi. Tazama maelezo ya simu yako, ukiona USB 2.0 mara nyingi ni chaji na mafaili.

Mwalimu wa Msamvu
Leo nimeifunga monita kwenye shuka, nikapanda nayo bodaboda mpaka shuleni. Wanafunzi wa kidato cha tatu wakadhani nimeleta mtihani wa vitendo. Kwenye maabara tuna kompyuta moja yenye kadi ya NVIDIA, nikachomeka DVI kwa DVI. Ukurasa wa HDCP umeandika, kwa Kiingereza chao, kwamba kioo hiki hakina HDCP.

Basi. Nimekubali. Nifanyeje sasa, jamani Jumapili kuna mechi.

Kasongo Mitaa
Mkuu tafuta splita ya HDMI ya bei chee, zile za Kariakoo. Nyingine zinavua kufuli zenyewe, picha inapita. Usiseme nimekuambia mimi.

Fundi Soldi
Nimeziona. Nyingine zinavua, nyingine hazivui, kwenye boksi haijaandikwa, na ile inayovua leo wakibadili chipu kesho haivui. Mbali na hilo, kuvua kufuli la mwenye haki ni jambo la sheria, mimi kwenye meza yangu silifanyi. Tuendelee.

Mwalimu, monita yako ina VGA, king'amuzi kina RCA. RCA haina HDCP. Tafuta kiboksi cha AV kwenda VGA, ukubwa wa pakiti ya sigara, upande mmoja njano, upande mwingine VGA, na kitufe cha kuchagua ukubwa wa picha. Usichukue waya wa RCA tatu kwenda VGA usio na kiboksi, hapa nako lazima chipu ya kugeuza picha. Kiboksi kinapokea 50 ya king'amuzi na kutoa 60 kwa monita, kwa hiyo lile tatizo la kwanza nalo linamalizika. Hasara yake: picha ya RCA ni ya kiwango cha chogo, mistari 576, namba za jezi utazisoma kwa kukisia. Na kwa kuwa 50 inalazimishwa kuwa 60, mpira ukipigwa pasi ndefu utauona unarukaruka kidogo kama panzi.

Sauti: nyekundu na nyeupe za king'amuzi peleka kwenye sabufa moja kwa moja. Utasikia vizuri kuliko spika za TV yoyote.

Deki ibaki kwenye DVI na NTSC yake kwa diski za kwenu. Za dukani zipitishe RCA pia.

Mama Chausiku
Na mimi naomba niulize hapa hapa. Nimeunganisha kompyuta kwenye TV, picha imekatwa pembeni kote, kitufe cha kuanzia cha Windows hakionekani. Nikipunguza ukubwa kwenye kompyuta maandishi yanakuwa na ukungu.

Mtaalamu wa Juzi
Usiguse kompyuta, shika rimoti ya TV. Hiyo ni tabia ya zama za chogo, TV inavuta picha ikate kingo kidogo. Tafuta kwenye ukubwa wa picha: "Just Scan", "Screen Fit", "1:1" au "Full Pixel", kila kampuni na jina lake. Wakati mwingine kubadili jina la ingizo kuwa "PC" kunatosha. Na kama weusi unaonekana kijivu kilichopauka, nenda kwenye draiva ya kadi ya picha, badilisha RGB kutoka "Limited" kwenda "Full", au kinyume chake kama giza limemeza nywele za watu.

Mama Chausiku
Screen Fit imemaliza! Miaka miwili naishi bila saa ya pembeni.

Dereva Mstaafu
Fundi, tundu langu la HDMI la TV lilikufa ghafla. Nilichomeka king'amuzi kikiwa kimewaka, nikaona cheche ndogo, basi. Mengine mawili yanafanya kazi. Hilo nalo ni kufuli?

Fundi Soldi
Hapana mzee wangu, hiyo ni ajali ya umeme. Naziona nyingi, hasa baada ya radi. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, soketi ina tundu la tatu lakini nyuma yake hakuna kitu. King'amuzi kina waya wa dishi unaopanda mpaka juu ya bati. Kati ya bodi ya king'amuzi na bodi ya TV kunakuwa na tofauti ya umeme; ukichomeka, unapitia kwenye zile pini ndogo za mazungumzo, ya 15, 16 na 19, ambazo zimezoea volti 5 tu. Chipu ya tundu hilo inakwenda. TV bado inawaka, tundu hilo haliongei tena na mtu.

Zima vyote ukutani, chomeka HDMI kwanza, umeme baadaye. Mvua ikianza kunguruma chomoa waya wa dishi pia, si wa umeme peke yake. Na mpe fundi mwenye tesa apime hiyo ardhi yako.

Harusi Mubashara
Narudi na majibu kama nilivyoahidi. Adapta yenye kiboksi, mkia wa USB kwenye laptopu, sauti milimita 3.5 kwenye mikisa. Imekubali mara ya kwanza. Ila dakika ya arobaini ikazima, nikaigusa ni ya moto kama maandazi. Nikaipepea na bahasha ya mchango, ikarudi. Nimeshanunua ya pili ya akiba.

Mwalimu wa Msamvu
Jumapili imepita, na mimi nitoe taarifa.

Kiboksi cha AV kwenda VGA nimepata elfu ishirini na tano. Muuzaji yule yule, ndiyo, kanipunguzia elfu tano baada ya kumsomesha habari ya kHz 28.1. Nimefunga kama Fundi alivyosema. Picha imetoka, sauti kwenye sabufa mpaka mama Neema akaja kujua kuna nini, akabaki mpaka dakika ya tisini. Mpira kweli unaruka kama panzi, na namba za jezi tulibishana.

Kitu kimoja tu: wachezaji wote walikuwa warefu na wembamba, hata kipa aliyejaa kama pipa. Mwanangu mdogo kauliza kama wamekonda kwa njaa.

Fundi Soldi
Kioo chako si cha 16 kwa 9 cha TV, ni cha 16 kwa 10, ndiyo ile 1680 kwa 1050. Kiboksi kinavuta picha mpaka ijae juu na chini. Na kiboksi yamkini kiko kwenye 4:3, kinabana picha pembeni, hapo ndipo wembamba wenyewe ulipo. Kwa kile kitufe chake cha ukubwa wa picha, weka kiboksi 16:9. Kisha kwenye vitufe vya monita tafuta "Aspect" badala ya "Full", kama ipo. Utapata mstari mweusi mwembamba juu na chini, ila kipa atarudi kuwa pipa.

Mwalimu wa Msamvu
"Aspect" haipo kwenye monita, lakini kiboksi nimekipeleka 16:9. Kipa kanenepa vya kutosha. Wanangu wamekubali.